Blenda Kwenye Buti la Noah

Hoja iliyo mezani ni hii: mwenye gari la kawaida afunge inveta na soketi ya nyumbani, ile ya matundu matatu, ili achomeke kifaa chochote popote anapoegesha. Dar es Salaam hoja hii ina wenyewe. Pita jioni kwenye barabara za pembezoni uone Noah, Wish na Probox zilizofunguliwa buti: juisi humo, viatu vya mtumba humo, vitafunwa humo. Biashara ya buti imekuwa biashara kamili, na biashara kamili hudai umeme.

Wasemaji nimewabuni. Hoja zao sikuzibuni. Kaa gereji yoyote nusu saa utazisikia. Mama Juisi ana Noah ya lita mbili. Fundi anafunga umeme wa magari. Mzee ni dereva, aliwahi kuendesha watalii kaskazini kabla ya kuhamia Dar. Mwalimu anafundisha umeme katika chuo cha ufundi, na kalamu haimtoki mkononi.

MAMA JUISI: Sitaki makubwa. Nina blenda ya wati 400, taa mbili na simu ya kupokelea malipo. Jenereta nilikuwa nayo, kelele zake zikanigombanisha na majirani. Gari ninalo, betri imo ndani, na inveta ya wati 1,000 naiona kila duka la vipuri. Kinachonizuia ni nini?

FUNDI: Hakuna, mama. Lete gari kesho asubuhi, saa nane mchana unaondoka nalo.

MZEE: Na keshokutwa asubuhi lisipowaka, simu yako itapatikana?

FUNDI: Shikamoo, mzee.

MZEE: Marahaba. Jibu swali.

FUNDI: Nieleze kwanza ninavyofunga, kisha mnihukumu. Wateja wengi wakija wananyoosha kidole kwenye tundu la kiberiti cha sigara pale dashibodi. Tundu lile, kwa magari mengi, fyuzi yake ni ampea 15. Zidisha kwa volti 12 unapata wati 180, basi. Chaja ya kompyuta itakwenda. Blenda ya mama ikianza kuzunguka tu, fyuzi imekatika. Kwa hiyo mimi naanzia kwenye betri yenyewe: waya wake wa peke yake, fyuzi yake, moja kwa moja hadi kwenye inveta.

MWALIMU: Waya mnene kiasi gani?

FUNDI: Hapo ndipo ninapogombana na watu. Wanakuja na waya wa soketi za nyumba, ule wa mili mbili na nusu, wananiambia, "Fundi, si ndio huu unaobeba friji na pasi?" Unabeba, kwa sababu nyumbani umeme ni volti 230. Wati 1,000 kwa umeme wa nyumbani ni ampea nne na kitu. Wati hizohizo kwa volti 12 ni ampea 83, na ukijumlisha zile zinazopotelea ndani ya inveta unakaribia 100. Waya wa mili mbili na nusu utapata joto mpaka plastiki yake iyeyuke. Mimi naweka mili 25 inveta ikiwa karibu na betri. Nikiipeleka hadi buti naweka 35.

MWALIMU: Na fyuzi?

FUNDI: Shubiri moja kutoka kwenye terminali ya betri. Haizidi hapo.

Jibu hilo la shubiri ndilo ningemwomba msomaji alishike kuliko mengine yote ya ufungaji, kwa sababu ndilo linalokosewa zaidi. Watu hudhani fyuzi huilinda blenda, hivyo huiweka kule nyuma karibu na inveta. Kazi yake hasa ni kuulinda waya. Waya ule hutoka kwenye boneti ukapenya ukuta wa chuma unaoitenga injini na kabini, na tundu unamopita lina ukingo mkali. Fundi asipoweka mpira kwenye tundu hilo, mtikisiko wa barabara hufanya kazi yake polepole: plastiki inakwanguka, kisha siku moja shaba inagusa bodi. Betri ya gari ina uwezo wa kumwaga mamia ya ampea kwa mara moja, maana ndivyo inavyozungusha starta. Kama fyuzi iko buti, haina habari. Umeme unaishia kwenye bodi kabla ya kuifikia, na waya mzima unakuwa mwekundu chini ya zulia.

MWALIMU: Hapo nakupa alama zote. Nikuulize na hili: upande wa hasi unaufunga wapi?

FUNDI: Kwenye bodi, mahali palipokwanguliwa rangi. Magari mengi ya siku hizi yana kipimo kidogo juu ya terminali ya hasi, kinachohesabu umeme unaoingia na kutoka. Ukiifunga inveta juu ya terminali yenyewe unakipita kipimo, na kompyuta ya gari inadhani betri imeshiba kumbe ina njaa.

MWALIMU: Na upande wa volti 230? Maana nimewaona mafundi wa majumbani wanaoletwa kufunga ile soketi. Wana mazoea ya kuunganisha nyutro na aithi. Kwenye inveta nyingi za bei nafuu nyaya zote mbili za kutokea zina umeme ukilinganisha na bodi ya gari. Unganisha mmoja wao na bodi, inveta inalipuka hapohapo, au inabaki nzima na bodi yote ya Noah inakuwa sehemu ya umeme wa mama. Kitabu cha inveta husema la kufanya. Tatizo ni kwamba kitabu hubaki dukani.

MZEE: Ya waya nimeridhika nayo. Mimi ninataka kusikia habari za betri. Fundi ameeleza umeme unavyosafiri, hajaeleza unatoka wapi.

Kwa maoni yangu mjadala ulianza hapa. Yaliyotangulia yalikuwa ufundi, na ufundi mzuri unaweza kufunga kwa ustadi mkubwa kitu kisichofaa kufungwa.

MWALIMU: Tuhesabu. Blenda ya wati 400, na inveta inakula asilimia 15 njiani, kwa hiyo betri inatoa kama wati 470. Hizo ni ampea 39. Mama, kwa saa moja unasaga glasi ngapi?

MAMA JUISI: Jioni ikichangamka, 20. Kila moja dakika moja hivi.

MWALIMU: Basi blenda inazunguka dakika 20 katika kila saa. Ni ampea-saa 13. Betri yako ni N70, imeandikwa ampea-saa 70 au karibu na hapo. Lakini betri ya kuwashia gari haikutengenezwa inywewe mpaka chini. Bamba zake ni nyembamba na nyingi, ili itoe nguvu kubwa kwa sekunde chache kisha altaneta iijaze mara moja. Ukiishusha nusu kila jioni, bamba zinaota salfeti, na betri iliyostahili miaka inakufa kwa miezi. Nusu ya 70 ni 35. Gawanya kwa 13: haifiki saa tatu. Na ikivutwa kwa ampea 39 haitoi hata hizo 70 zilizoandikwa.

MAMA JUISI: Lakini inveta inalia betri ikipungua. Muuzaji alinionyesha.

MZEE: Inalia ukiwa umeshachelewa!

MWALIMU: Mzee yuko sahihi. Betri iliyojaa, ikipumzika, inasoma volti 12.6 au zaidi kidogo. Ikisoma 12.2 imebaki nusu. Inveta nyingi za bei nafuu zinalia volti zikifika 10.5 na kujizima kwenye 10. Zimewekewa kikomo cha kujilinda zenyewe. Gari lako litawaka au halitawaka, haliwahusu waliozitengeneza.

MZEE: Na Noah ya mama ni otomatiki. Zamani betri ikifa tulishuka, tukasukuma, tukaachia klachi, gari likawaka. Hii utaisukuma mpaka Chalinze.

FUNDI: Ndiyo maana mimi naongeza kidude cha kukata umeme. Nakiseti volti 12. Zikishuka, inveta inazimwa, gari linabaki na nguvu ya kuwaka. Bei yake si kubwa.

MZEE: Na blenda inasimama saa mbili usiku mteja akiwa ameshalipa.

MAMA JUISI: Basi naacha injini inaunguruma. Altaneta si inachaji?

Ninawajua wengi wanaojibu hivi, na jibu lenyewe linaonekana halina tatizo mpaka uchukue karatasi.

MWALIMU: Chukulia altaneta iliyoandikwa ampea 100. Hizo inazitoa injini ikiwa kwenye mizunguko ya juu, barabarani. Ukiwa umesimama, injini ina joto na inanguruma polepole, utapata 40 hivi. Gari lenyewe linazihitaji: pampu ya mafuta, plagi, feni, taa. Toa 20. Zilizobaki 20, baada ya kupita kwenye inveta, ni kama wati 240. Injini ya lita mbili ikisimama inanguruma inakunywa karibu lita moja kwa saa. Kwa hiyo uniti moja ya umeme itakuchukua saa nne na lita nne. Tuseme lita ya petroli ni shilingi 3,000. Uniti yako moja ni shilingi 12,000. TANESCO uniti hiyohiyo haifiki 400.

MAMA JUISI: Elfu kumi na mbili?

MWALIMU: Na nimechukulia unazitumia wati zote 240 bila kupoteza hata moja. Blenda yako inasimama muda mwingi kuliko inavyozunguka.

MZEE: Hujamwambia la moshi.

MWALIMU: La moshi si la hesabu. Bomba la moshi la Noah liko chini ya buti. Mama anasimama hapohapo, glasi ziko hapohapo, na mlango wa buti juu umekuwa paa linalouzuia moshi usipande. Monoksidi ya kaboni haina harufu wala rangi. Kichwa kitaanza kuuma jioni, atasema ni uchovu.

Kwa nusu dakika hakuna aliyesema neno. Halafu Mama Juisi akageuza meza, na ninakiri alinifurahisha.

MAMA JUISI: Mzee, wewe uliendesha watalii Arusha. Land Cruiser zile hazikuwa na soketi?

MZEE: Zilikuwa nazo.

MAMA JUISI: Kumbe! Mtalii achajie kamera yake Serengeti, mimi nisisage juisi Dar?

MZEE: Ngoja, mwanangu. Gari la safari linatembea toka alfajiri mpaka jua linazama. Altaneta inafanya kazi mchana kutwa, na kinachochomekwa ni chaja ya kamera, wati 20, wati 30. Inveta yetu ilikuwa ya wati 300 na haikuwahi kunilaza porini. Ila nitakuambia kilichonisumbua. Siku moja mgeni alitoa mashine ya kukaushia nywele, wati 1,800, akachomeka. Kilio kikaanza, inveta ikajizima, mgeni akanuna akidhani nimemzimia makusudi. Angelijuaje? Aliona soketi. Kwao soketi ikiwa ukutani unachomeka chochote.

Mzee alipogusia hilo, nikapata upande wangu. Inveta ni mashine yenye kipimo. Mwenye gari anaijua, kaisoma kibandiko, anajua mwisho wake ni wati 300 au 1,000. Soketi ya nyumbani huficha kipimo hicho. Umbo lake lile la matundu matatu, mtu wa Dar au wa Mombasa kalizoea tangu utotoni: ampea 13 kwa volti 230, karibu wati 3,000. Shemeji akija na pasi ya wati 1,200, kijana wa kazi akija na jagi la kuchemshia maji la wati 2,000, soketi haitawauliza. Ukiitenga soketi na inveta yake, hii chini ya kiti na ile kwenye ubavu wa buti imepigiliwa vizuri kama ya sebuleni, umeondoa onyo la mwisho lililokuwepo.

Wanaonunua magari kutoka Japani wanalifahamu tatizo hili kwa sura nyingine. Baadhi ya Noah, Wish na Alphard huja na soketi ya kiwandani yenye matundu mawili bapa. Ni volti 100, kama umeme wa Japani ulivyo, na mara nyingi kikomo chake ni wati 100 tu. Estima Hybrid ni miongoni mwa zenye ya wati 1,500. Chaja ya simu au kompyuta iliyoandikwa 100–240 itafanya kazi vizuri. Pasi ya kwetu ukiichomeka kwenye volti 100 itatoa karibu moja ya tano ya joto lake, na utabaki unaisugua juu ya shati lisilonyooka. Lakini waliotengeneza gari lile walifunga soketi yenye kikomo kidogo, wakaandika wati zake palepale juu ya kifuniko. Mafundi wetu wangeiga hilo la kuandika.

FUNDI: Sawa, tuseme naandika. Wati 500, mwisho. Mama anaweza?

MWALIMU: Blenda ya wati 400 ikianza kuzunguka inavuta mara mbili au tatu ya hapo kwa muda mfupi. Anahitaji inveta ya wati 1,000 za kudumu, na nyingi zilizoandikwa 1,000 ni za kilele. Za kudumu ni nusu yake. Aina ya wimbi la umeme unaotoka kwenye inveta haimsumbui sana, mota ya blenda yenye brashi za kaboni haichagui. Angetaka friji ningemwambia anunue inveta ya wimbi safi, maana mota ya friji hulalamika na kupata joto.

MAMA JUISI: Mwalimu, unanizungusha. Niambie nifanye nini.

MWALIMU: Betri ya pili. Isiyohusiana na kuwasha gari, ya kunywewa polepole. Gari likitembea, altaneta inaijaza; ukiegesha, inaachana na betri ya kuwashia gari. Umeme wa altaneta barabarani ni nafuu kuliko wa kusimama, maana injini inafanya kazi yake nyingine tayari. Uniti moja itakugharimu kama lita moja, si nne.

MZEE: Barabarani ipi? Toka Mbagala mpaka mjini jioni unatambaa. Hiyo ni kusimama kuliko kusimama.

FUNDI: Na ikiwa betri ya lithiamu usiifunge moja kwa moja kwenye altaneta. Inameza kila inachopewa mpaka altaneta iungue. Kuna chaja maalumu ya kati inayoipimia, ampea 30 hivi. Ya asidi nayo isikae ndani ya kabini na abiria, inatoa haidrojeni inapochajiwa. Bei ya vyote hivyo, mama, tukae tuzungumze pembeni.

MAMA JUISI: Bei ya kuzungumzwa pembeni naijua.

Niliingilia hapo, kwa sababu hesabu ya Mwalimu ilikuwa na jibu ambalo yeye mwenyewe hakulisema. Jumlisha mahitaji ya Mama Juisi kwa jioni ya saa nne: blenda, taa mbili za LED, simu. Haifiki uniti moja. Uniti hiyo ipo nyumbani kwake, ukutani, kwa bei isiyofika shilingi 400. Betri ya lithiamu ya volti 12 na ampea-saa 100 hubeba uniti moja na robo. Akiiweka ndani ya kasha lenye inveta yake na soketi yake, ataichaji usiku, ataipakia kwenye buti pamoja na ndoo ya maembe, na Noah haitakatwa waya hata mmoja. Makasha hayo yanauzwa yakiwa tayari. Na fundi mwenye adabu ya fyuzi anaweza kuliunda.

MAMA JUISI: Umeme ukikatika usiku?

FUNDI: Hapo ndipo tunaweka ile chaja ya barabarani. Kwa dharura.

MZEE: Kwa dharura nakubali.

Bima sikuiona ikijadiliwa kwa kina, ila Mzee alisema neno moja nililoliandika: gari likiungua, mkaguzi wa bima atatafuta waya ambao haukutoka kiwandani, kwa hiyo waarifu mapema kwa maandishi.

Hukumu yangu siifichi. Hoja kama ilivyoletwa, soketi ya kuchomeka kifaa chochote popote, naikataa. Mwenye gari linalotembea kutwa, awe dereva wa safari, mwandishi wa habari au mpima ardhi, na afunge inveta ya wati 300 yenye waya wake na fyuzi yake, atumie soketi iliyo juu ya inveta yenyewe, mahali anapoiona. Mwenye gari linaloegeshwa ndipo lifanye kazi, kama Mama Juisi, abebe kasha. Na yeyote kati yao, kabla ya kumpigia fundi simu, akigeuze kifaa chake chini juu, asome wati zilizoandikwa kwenye kibandiko, agawanye kwa 10 ili kupata ampea zitakazotoka kwenye betri. Jibu likizidi 15, asiliguse tundu la kiberiti.